Penye Wengi Hapaharibiki Neno? Tahakiki ya Usanifu Shirikishi wa Majarida ya Barua Pepe

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba penye wengi hapaharibiki neno. Wahenga hao hao walituachia pia methali isemayo kuwa nahodha wengi, chombo huenda mrama. Mwalimu anapozifundisha methali hizi mbili katika kipindi kimoja, hakosekani mwanafunzi wa kunyosha mkono na kuuliza: "Sasa mwalimu, tushike ipi?" Kwa kawaida tunamjibu kwamba kila methali ina mahali pake, kisha tunaendelea na somo. Safari hii swali limetukuta wenyewe idarani, na jibu hilo jepesi halitutoshi.

Ndugu wasomaji mnafahamu kuwa imependekezwa jarida letu hili liache karatasi na litumwe kwa barua pepe, na kwamba lisanifiwe upya kwa kuwahusisha wasomaji wake. Pendekezo hilo limeletwa pamoja na mifano ya vyumba vya habari vilivyofanya hivyo, nalo limepewa jina zuri: usanifu shirikishi wa tajriba ya mtumiaji. Makala haya yanakusudia kuutahakiki utaratibu huo. Ulitoka wapi? Umezaa nini pale ulipotumika? Una kasoro gani? Na sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili hapa Kigali tuupokee kwa sharti gani? Niseme tangu mwanzo kwamba ninauunga mkono. Hata hivyo, ninauunga mkono nikiwa mtu aliyeujaribu akakosea, na kosa hilo nitalieleza bila kuficha.

Tuanze na maneno yenyewe

Kwa kuwa sisi ni watu wa lugha, hapana budi tuanze na istilahi. Wapo wanaosema "uzoefu wa mtumiaji", na wapo wanaosema "tajriba ya mtumiaji". Mimi nachagua tajriba, wala si kwa sababu ya kupenda maneno yenye asili ya Kiarabu. Uzoefu unatokana na kitenzi zoea. Mtu aliyezoea kitu kibaya hakioni tena ubaya wake. Mathalani, msomaji aliyezoea kutafuta habari anayoitaka chini ya picha nne na salamu tatu hatalalamika. Ataitafuta tu, au ataacha kusoma. Anachokichunguza msanifu ni yale yanayompata msomaji anapokishika kitu na kukijaribu: amekwama wapi, amefurahi wapi, ameacha wapi. Hiyo ndiyo tajriba.

Neno la pili ni zito zaidi, nalo ni "shirikishi". Kitenzi cha msingi ni shiriki. Wasomaji wakishiriki, wao ndio watenda. Wakishirikiana na waandishi, pande zote mbili zinatenda. Ndiyo kazi ya kauli ya kutendana. Lakini wakishirikishwa, tumeingiza kauli ya kutendesha na juu yake kauli ya kutendwa. Yupo mtu mwingine, asiyetajwa katika sentensi, anayewafanya washiriki. Naye ndiye anayeamua waingie saa ngapi na watoke saa ngapi. Neno shirikishi limezaliwa na kauli hiyo ya kutendesha. Kwa hiyo kila tunapoambiwa kwamba jambo fulani ni shirikishi, sarufi yetu wenyewe inatupa swali la kuuliza: mshirikishaji ni nani, na je, anaweza kukatazwa?

Swali hili si la wanasarufi peke yao. Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein, aliyeshughulikia mipango ya miji, alichora ngazi ya vidaraja vinane vya ushiriki wa raia. Chini kabisa raia wanachezewa tu ili waonekane wamehusishwa. Katikati wanaarifiwa na kuombwa maoni. Juu kabisa wanayo madaraka ya kuamua. Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuipanda ngazi hiyo kwa vitenzi vinne tu: kuhadaiwa, kushirikishwa, kushirikiana, kuamua.

Chimbuko: masanduku ya karatasi Skandinavia

Wengi hudhani utaratibu huu umebuniwa na kampuni za kompyuta za Marekani. Sivyo. Chimbuko lake ni nchi za Skandinavia katika miaka ya 1970, pale vyama vya wafanyakazi vilipodai kuwa na sauti katika mitambo ya kompyuta iliyokuwa inaingia kazini. Huko Norwe, mtaalamu wa kompyuta Kristen Nygaard alifanya kazi pamoja na chama cha wafanyakazi wa chuma. Jambo linalotuhusu zaidi ni mradi ulioitwa UTOPIA, wa mwaka 1981 hadi 1985, kwa sababu ulihusu magazeti. Watafiti wa Sweden na Denmark walishirikiana na vyama vya wafanyakazi wa uchapaji kusanifu mtambo wa kupangia kurasa za gazeti, na mtambo huo ulijaribiwa katika gazeti la Aftonbladet mjini Stockholm.

Wapangaji kurasa wale hawakuwa wataalamu wa kompyuta, na kompyuta za wakati huo hazikuweza kuwaonyesha mtambo ambao bado haujatengenezwa. Basi watafiti walitengeneza vielelezo vya mbao na karatasi ngumu. Sanduku tupu liliwekwa mezani likawa ndiyo mashine ya kuchapia. Mfanyakazi alikaa mbele ya vielelezo hivyo na kuifanya kazi yake kana kwamba mtambo upo, akisema hapa ningehitaji hiki, hapa mkono wangu haufiki. Kwa njia hiyo mtu aliyejua gazeti lakini hakujua kompyuta aliweza kumsahihisha aliyejua kompyuta lakini hakujua gazeti.

Mtambo ule haukushinda sokoni, lakini utaratibu wake ulienea duniani. Kasoro ninayoiona ni kwamba ulipokuwa unaenea uliacha kitu nyuma. Wachapaji wa Skandinavia waliingia chumbani wakiwa na chama nyuma yao. Walikuwa na uwezo wa kukataa. Warsha nyingi za leo zimerithi karatasi za rangi za kubandika ukutani, lakini hazikurithi uwezo huo. Msomaji anaalikwa, anapewa soda, anaandika maoni yake kwenye kikaratasi, anapigwa picha, anakwenda nyumbani. Kikaratasi kinabaki kwa mwenye nyumba.

Na sisi tusijione kuwa tuko mbali na historia hii. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya kikoloni ya Tanganyika mwaka 1923, lilijaa barua na mashairi ya wasomaji; Shaaban Robert mwenyewe ni miongoni mwa waliochapisha mashairi humo. Wasomaji walilijenga gazeti lile kwa kalamu zao na waliinua lugha yetu. Lakini kauli ya mwisho ilikuwa ya serikali. Huo ni mfano safi wa kushirikishwa: matunda yake ya kifasihi ni makubwa, na mipaka yake ilikuwa imewekwa na mtu mwingine.

Chumba cha habari kilichouliza kikajibiwa

Ni haki kutoa pia mfano ambao utaratibu huu ulizaa kitu. Katika jiji la New York kuna chumba cha habari kiitwacho Documented, kilichoanzishwa mwaka 2018 kuandika habari za wahamiaji. Kilikuwa na jarida la barua pepe kwa Kiingereza. Jarida hilo liliwafaa wanasheria, watafiti na wanaharakati, yaani watu wanaowazungumzia wahamiaji. Wahamiaji wenyewe, hususan wasemaji wa Kihispania, hawakuwa wasomaji wake.

Wahariri wangeweza kulitafsiri jarida lile kwa Kihispania na kujipongeza. Badala yake waliwaendea wahamiaji na kuwauliza wanapataje habari, wanaamini nini, na wanahitaji kujua nini. Waliyojibiwa yalibadilisha kazi yote. Watu hawa hawakuishi katika barua pepe. Waliishi katika WhatsApp. Aidha, hawakutaka muhtasari wa siasa za uhamiaji. Walitaka kujua wafanye nini mwajiri asipowalipa, na wapate wapi mwanasheria asiyewatapeli. Hivyo likazaliwa jarida la Kihispania linalotumwa kwa WhatsApp, ambamo msomaji anaweza kujibu na kuuliza, na mwandishi akamjibu.

Funzo lake kwa idara yetu ni chungu kidogo. Ukimwuliza msomaji kwa dhati, huenda akakwambia kwamba hicho ulichokuja kukisanifu hakihitajiki. Pendekezo lililoletwa kwetu limekwisha kuamua kwamba chombo kitakuwa barua pepe, kisha linawaalika wasomaji wachague rangi na mpangilio. Hapo tunao nahodha aliyekwisha ng'oa nanga, anayewauliza abiria wapendelee tanga la rangi gani.

Majarida mawili mikononi mwetu

Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wamekuwa wakisoma nami majarida mawili yanayolizungumzia bara letu. Yote mawili ni ya Kiingereza, na hilo nitalirudia. La kwanza ni Semafor Africa, jarida la barua pepe lililoanza mwezi Oktoba 2022. La pili ni The Continent, lililoanza mwezi Aprili 2020 chini ya wahariri Simon Allison na Sipho Kings, wakati huo kwa ushirikiano na gazeti la Mail & Guardian la Afrika Kusini.

Nguvu ya Semafor Africa iko katika mpangilio wake. Makala yake makubwa hugawanywa kwa vichwa vinavyojirudia: kwanza habari yenyewe, kisha mtazamo wa mwandishi, kisha nafasi ya anayepinga mtazamo huo, kisha jinsi jambo linavyoonekana kutoka mahali pengine. Kwa mwalimu wa uandishi huu ni mfano wa kufundishia. Mwanafunzi anaona kwa macho yake mpaka ulipo kati ya taarifa na maoni, mpaka ambao magazeti yetu mengi huuvuka bila kubisha hodi. Udhaifu wake ni kwamba vichwa vile vile kila mara huwa kama sare ya shule. Habari ndogo isiyo na mpinzani hutafutiwa mpinzani ili kichwa kisibaki kitupu. Na kwa kadiri ninavyolisoma, linamsemesha mtu wa biashara na siasa anayefungua barua zake ofisini. Muuza nafaka hayumo.

The Continent lilichukua njia nyingine. Ni gazeti la kila wiki lenye kurasa zilizopangwa kwa kioo cha simu, linalotumwa kama faili moja kwa WhatsApp na kwa njia nyinginezo, barua pepe ikiwa miongoni mwake. Mtu akilipakua mara moja anaweza kulisoma bila intaneti na kumpelekea rafiki yake. Wahariri hawakuwalazimisha wasomaji waje kwao, waliwafuata walipo. Hapo naona usanifu bora kuliko wa warsha nyingi, kwa sababu unatokana na kuutazama mwenendo wa watu: sisi tunapelekeana vitu, na bando ni ghali. Udhaifu wake ni kwamba ukurasa uliopangwa kama picha hauwezi kukuzwa herufi kwa urahisi na mtu mwenye macho dhaifu.

Yote mawili, nasema tena, ni ya Kiingereza. Hili si lawama kwao. Kila mtu huandika kwa lugha ya soko lake. Lawama, kama ipo, ni yetu. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kikafanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017. Kwa miaka hamsini, tangu 1965 hadi 2015, mitambo ya Deutsche Welle iliyokuwa hapa Kigali ilirusha matangazo kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo, yakasikika mbali ndani ya bara hili. Sauti ya Kiswahili ilitoka katika vilima vyetu kabla wengi wa wanafunzi wetu hawajazaliwa. Leo tunahitimisha vijana wanaoweza kuandika Kiswahili safi, lakini maandishi ya Kiswahili yanayowafikia kila wiki katika simu zao ni haba. Ndiyo maana nasema jarida hili dogo la idara si jambo la mapambo. Kwa baadhi yao litakuwa chapisho pekee la Kiswahili wanalolipata bila kulitafuta.

Kiswahili katika kioo cha simu

Usanifu uliobuniwa kwa lugha nyingine haufai kuhamishwa mzima mzima. Chukua kichwa cha barua, ule mstari msomaji anaouona kabla ya kufungua. Katika simu nyingi huonekana herufi thelathini na ushei tu, zinazofuata hukatwa. Sasa tazama kichwa hiki nilichokibuni kwa mtindo wa ofisi zetu: "Taarifa kuhusu maamuzi yaliyofikiwa na wakuu wa nchi wanachama". Simu itaonyesha "Taarifa kuhusu maamuzi yaliyofi", basi. Msomaji hajajua nani ameamua nini, na mahali pote pameliwa na maneno yasiyobeba habari.

Watu husema kosa ni la Kiswahili, kwamba maneno yake ni marefu. Sikubaliani nao. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda, wakati na tendo katika neno moja. Hakuna lugha inayofaa zaidi mstari mfupi ukikitanguliza kitenzi na kuziacha nomino za ofisini. "Marais waafikiana kuhusu ushuru" ni herufi thelathini na moja pamoja na nafasi zake, na habari yote imo. Kwa hiyo udogo wa kioo unaweza kuwa mwalimu mzuri wa mtindo, anayetuondolea "kuhusiana na suala zima la" na ndugu zake.

Jambo la pili ni ukubwa. Huduma ya Gmail huikata barua inayozidi kilobaiti 102 hivi na kuweka kiungo cha kufungulia sehemu iliyobaki. Kwa kawaida kinachokatwa ni mwisho wa jarida, na mwishoni ndiko tunakoweka mashairi ya wanafunzi na kiungo cha kujiondoa. Mhariri asiyejua hilo atawanyima wanafunzi wasomaji, na atawanyima wasomaji haki yao ya kujiondoa. Haki hiyo si hisani: sheria ya Rwanda ya ulinzi wa data binafsi, ya tarehe 13 Oktoba 2021, inataka ridhaa ya mtu na inamruhusu kuibatilisha. Orodha ya anwani tuliyoikusanya kwa ajili ya mitihani haiwezi kugeuzwa orodha ya jarida kimyakimya.

Jambo la tatu ni istilahi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kujivunia. Na tangu mwaka 1994 Mradi wa Kamusi, ulioanzishwa na Martin Benjamin katika Chuo Kikuu cha Yale, uliwaalika wasemaji kuchangia maneno kupitia intaneti. Huo nao ulikuwa usanifu shirikishi kabla jina hilo halijatufikia. Pamoja na hayo, naona darasani kwangu kwamba kijana anayeandika insha nzuri ya Kiswahili bado anaitumia simu yake kwa Kiingereza, kwa sababu maneno ya vitufe hakuyachagua yeye wala hakuyasikia nyumbani. Hapa msomaji akishiriki kweli, lugha inafaidika. Tukimwuliza angependa kitufe kiseme "jiondoe", "acha kupokea" au "sitaki tena", atatuambia lipi linamwelekea bila kumtusi.

Yaliyotukuta Biryogo

Sasa nieleze kosa langu. Miaka miwili iliyopita niliwapa wanafunzi zoezi la kusanifu jarida la Kiswahili la barua pepe. Walichora kurasa kwenye karatasi zenye ukubwa wa simu, wakaenda Biryogo, katika Nyamirambo, ambako Kiswahili kinasikika barabarani kila siku, wakawaonyesha watu vielelezo vyao. Niliwafuata.

Mzee mmoja muuza nafaka alivaa miwani, akapitisha kidole juu ya karatasi taratibu, kisha akacheka. "Wanangu," alisema, "mmenisalimu mara tatu na bado hamjaniambia kitu. Mimi nataka kujua mchele wa Tanzania umefika bei gani, na pale Rusumo magari yanapita au yamelala." Wanafunzi waliandika haraka: punguza salamu, weka bei.

Hatua chache mbele, mama mmoja auzaye chai na chapati alitazama karatasi ile ile. Yeye alikuwa na neno tofauti. "Hii salamu moja tu iliyobaki msije mkaitoa," aliwaonya. "Barua isiyo na salamu ni amri. Hata mtoto wangu akiniletea ujumbe bila shikamoo siufungui."

Usiku ule wanafunzi walibishana sana. Wengine walitaka kura ipigwe. Wengine walitaka majarida mawili, lenye salamu na lisilo nayo. Mmoja alisema mhariri aamue peke yake, kwa kuwa nahodha wengi chombo huenda mrama. Mwishowe walikubaliana juu ya salamu moja fupi, kisha habari ya bei papo hapo, bila "karibu tena katika toleo letu". Nilifurahi. Nikawapa alama nzuri. Zoezi likaisha.

Lakini wakati tunaondoka, yule mzee alikuwa ameuliza swali ambalo hakuna aliyeliandika. Aliuliza: "Na hilo gazeti lenyewe mtaniletea lini?" Mwanafunzi mmoja alimjibu, "Tutarudi, mzee." Hatukurudi. Zoezi lilikuwa la darasa, halikuwa na toleo la kweli, na mimi niliyelipanga nilijua hivyo tangu asubuhi. Tulichukua muda wa mtu, akili yake na ucheshi wake, tukavigeuza kuwa alama za mtihani.

Sisi Wanyarwanda tunajua ubudehe wa asili, ule wa majirani kulimiana mashamba. Anayekuja na jembe lake leo anajua kwamba majembe ya wenzake yatafika shambani kwake kesho. Kilichotendeka Biryogo kilikuwa na majembe ya upande mmoja. Sioni aibu kusema hivyo mbele ya wanafunzi wangu, kwa sababu waliliona wenyewe, na kama nisingelisema wangejifunza kwangu kwamba ndivyo kazi hii inavyofanywa.

Kupima nini?

Watetezi wa utaratibu huu husema kwamba kosa kama hilo hujirekebisha, kwa kuwa baada ya jarida kutoka, takwimu zitaonyesha wasomaji wanapenda nini. Ni vyema tujue takwimu hizo zinapatikanaje. Ndani ya barua huwekwa picha ndogo mno isiyoonekana. Simu ya msomaji ikiipakua picha hiyo, mtumaji huhesabu kwamba barua imefunguliwa. Tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple humpa mtumiaji ulinzi wa faragha ambao, akiuwasha, hupakua picha hizo yenyewe, awe amesoma au hakusoma. Hivyo barua ambayo haijaguswa huhesabiwa kuwa imesomwa. Kwa upande mwingine, msomaji aliyezuia picha ili kuokoa bando anaweza kusoma kila neno na ahesabiwe kuwa hayupo. Nani anafaidika na hesabu hiyo? Mwenye simu ya bei ghali anahesabiwa hata akiwa amelala. Mwenye kubana matumizi anafutwa.

Kwa hiyo tusiache takwimu zizungumze kwa niaba ya wasomaji ambao tunaweza kuwaendea kwa miguu. Barua moja ya msomaji anayesema "sikuelewa aya ya pili" inamfaa mwalimu wa lugha kuliko asilimia yoyote.

Hitimisho

Turejee kwa mwanafunzi aliyenyosha mkono. Baada ya Biryogo ninamjibu hivi: penye wengi hapaharibiki neno tunapotafuta kujua nini kimeharibika, pale tunapopaswa kuchagua kati ya neno la mzee na neno la mama, lazima awepo nahodha mmoja mwenye jina, aitwaye mhariri. Ila nahodha huyo awaeleze abiria kwa nini amepita njia hii, na abiria wawe na namna ya kumwambia kwamba amekosea.

Kwa msingi huo naleta mapendekezo manne kwa idara. Kwanza, kabla ya kuchagua barua pepe, tuwaulize wasomaji wetu wanasoma wapi, na tuwe tayari kusikia kwamba ni WhatsApp, au hata kwamba ni karatasi hii iliyobandikwa ubaoni. Pili, jarida liandikwe kwa Kiswahili tangu rasimu ya kwanza, lisiwe tafsiri ya taarifa zilizoandikwa kwa Kiingereza. Tatu, wanafunzi wawili na msomaji mmoja wa nje ya chuo wawemo katika kamati ya uhariri wakiwa na kura kamili, si viti vya wageni. Nne, kila anayeombwa maoni arudishiwe jibu: tulichokikubali, tulichokikataa, na sababu yake.

Pendekezo la nne nitalianza mwenyewe. Muhula ujao, toleo la kwanza la majaribio likiwa tayari, nitalichapa katika karatasi yenye ukubwa wa simu na kulipeleka Biryogo kwa mkono, pamoja na wale wanafunzi ambao bado wapo chuoni. Nitaweka salamu moja na bei ya mchele. Huenda mzee akasema tumechelewa, na atakuwa amesema kweli. Wenzangu wenye maoni tofauti wayalete idarani kabla ya kikao, nami nitayajibu moja baada ya jingine.